Picha za Rangi za Zuhura

Jumatatu, 5 Agosti

Nimesafisha mikanda miwili ya picha kabla ya adhuhuri. Bomba la mtaa wetu wa Pasiansi limekauka tena. Nimetumia maji ya ziwani, nimeyachuja mara tatu. Mchana kifurushi kutoka kwa Rehema, binti yangu aliye Dar: kamera ya dijitali. Ndogo kama kipande cha sabuni. Haina mkanda, ina kadi tu. Nimempiga picha kuku wangu, akatokea pale pale nyuma ya kamera, mwekundu kama alivyo. Nimecheka peke yangu.

Jumatano, 7 Agosti

Kaja Mama Zuhura wa Kirumba. Jumamosi anamwoza binti yake Zuhura, nami napiga picha upande wa wanawake, kama nilivyofanya kwenye harusi yake mwenyewe. Kazi hii wananipa kwa sababu moja. Nasafisha kwa mkono wangu, hakuna mwanamume anayewaona vichwa wazi. Ndiyo maana wote wanapata nyeusi na nyeupe. Za rangi husafishwa studio kubwa mjini, na huko ni wanaume watupu.

Zuhura analilia rangi. Nikamwonyesha mama yake kuku. Nikasema hapa hakuna mkanda, kwa hiyo hakuna kwenda studio. Nikaahidi picha za rangi. Nilijiona fundi kweli kweli.

Jumamosi, 10 Agosti

Harusi. Betri zimekwisha mara mbili. Kamera ni nzito kuamka: nabonyeza, mtu anafumba macho, ndipo inapiga. Vigelegele vyote nimevikosa, nimepata midomo iliyofungwa. Kadi inabeba picha thelathini, basi.

Lakini rangi! Gauni la kijani, nywele zimeachiwa, hina hadi kwenye viwiko. Wanawake wamenivamia kutazama. Kamera ya mkanda niliiacha nyumbani. Kiburi tu.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimepeleka kadi duka la kompyuta mjini. Rehema aliandika kwamba kuchapa ni kubonyeza tu. Nilidhani nitabonyeza mimi.

Mwenye duka, mtu mzima mwenye adabu, kaichukua kadi kaichomeka. Kuku wangu katokea kwenye kioo kikubwa kuliko sinia, kinatazama mlangoni. Wateja watatu wamesimama wanamsifu. Picha inayofuata ni Zuhura. Nikamwomba aitoe kadi.

"Lazima nizione, mama, ndiyo nizichape."

Nikaondoka nayo. Hofu, halafu aibu. Miaka ishirini na sita naaminiwa, nusura niimwage imani hiyo mbele ya watu waliokuja kununua kalamu.

Jumatano, 14 Agosti

Nimekwenda Kirumba kusema ukweli. Mama Zuhura kainuka, kaenda kupika chai. Ningependelea anigombeze. Amenimiminia, sikuweza kuinywa.

Zuhura, aliyekuja kumsalimu mama yake, akaiomba kamera. Tumekaa kitandani watatu, tumezitazama moja moja kwenye kioo cha ukubwa wa stempu. Kacheka sana ile ambayo shangazi yake kafumba macho. Mwisho kanirudishia.

"Nimeshaziona, mama. Zifute."

Sijawahi kuharibu picha ya mtu. Mikanda yote ninayo, kwenye makopo ya biskuti, hata ya waliokufa. Nimebonyeza mara ishirini na tisa. Iliniuma kila mara. Kabaki kuku.

Nilipokuwa navaa viatu, Zuhura kauliza kama ile kamera ya zamani bado nzima.

Ijumaa, 16 Agosti

Zuhura kaja na mama yake baada ya swala, gauni kwenye mfuko. Kalivaa upya, kaachia nywele, kakaa kwenye dirisha la upande wa ziwa. Mkanda mmoja, bila haraka. Mama yake kashika pazia.

Nimesafisha jioni hii hii. Zinakauka kwenye kamba. Zimetoka vizuri. Hina imeanza kufifia viganjani, na kwenye picha inaonekana. Zikikauka nitaandika nyuma tarehe ya leo, si ya harusi.