Waya wa Gego Langu

Jumanne

Sijamwambia mtu yeyote: nilifurahi kuona damu ya Mbwana.

Daktari wa meno alinifunga waya ili gego langu la juu, lililoota limegeuka upande, lizunguke polepole. Waya ukikatika, alisema, gego litarudi lilivyokuwa.

Leo kwenye shamba la shule Mbwana alinishika taya. "Binamu, umefungia ng'ombe gani kwa seng'enge hii?" Akauvuta waya. Ukakatika, ukanichana shavu.

Mbwana ni mtoto wa shangazi, mtani wangu, na mtani hakasirikiwi. Nikampiga mpini wa jembe mdomoni. Nikampiga tena akiwa ameanguka.

"Ulikuwa utani tu!" alilia, jino lake la mbele liko majanini.

Jioni nililipeleka jino hilo kwao. Nikamwamkia shangazi, nikaliweka mkononi mwake. "Nimempiga mimi," nilisema, "hata alipokuwa chini."