Wenye Timu ya Mugoma

Shule ya Msingi,
Nyamahanga, Biharamulo
6 Februari 1977

Kaka yangu Ildefonce,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kidole kilichoteguka kwenye mechi ya Krismasi kimenyooka. Mimi sijambo, ingawa nyumba ya mwalimu inavuja upande wa kitanda, na wanafunzi wa darasa la tatu wakijisahau huniita mama. Naitika tu.

Nimekupatia nafasi. Soma sentensi hiyo mara mbili. Mjini Biharamulo kuna gereji inayotengeneza malori ya pamba. Fundi mkuu ni ndugu yake Restituta, mwalimu mwenzangu, naye yuko tayari kukuchukua ujifunze kazi. Utalala kwake. Kinachotakiwa ni barua ya mwenyekiti wa kijiji kwamba umeruhusiwa kuhama, maana bila hiyo watakukamata kama mzururaji kabla hujafika Nyakanazi.

Tangu mama afariki tumebaki wawili. Sipendi tuishi kila mtu na wilaya yake kama watu waliogombana. Mwendee mwenyekiti Matiasi wiki hii hii.

Ni mimi dada yako,
Deodata


Mugoma, Ngara
27 Februari 1977

Mdogo wangu Deodata,

Marahaba. Kidole bado kimepinda lakini kinadaka. Huku hatujambo, mvua inatosha, ndizi zipo.

Nilimwendea mwenyekiti. Nilimkuta anakunywa pombe ya ndizi pamoja na Gozbert, mshambuliaji wetu, unamjua. Nakuandikia maneno yao kama yalivyokuwa, usije ukasema sikujaribu.

"Naomba barua, mwenyekiti. Nataka kuhamia Biharamulo."

"Biharamulo kuna nini?"

"Ufundi wa magari."

"Na golini atakaa nani? Mama yangu?"

Gozbert akacheka mpaka pombe ikampalia. Nikasema Laurian anaweza kudaka.

"Laurian!" akasema mwenyekiti. "Laurian anadaka kuku tu, tena waliolala."

Halafu akaacha kucheka. "Sikiliza, kijana. Mashine ya kusaga ni ya kijiji, na timu ni ya kijiji. Umewahi kuona mkanda wa mashine ukiomba ruhusa ya kuhama?"

Usikasirike. Ningeweza kutoroka, lakini mimi ndiye kapteni. Nikiondoka, Gozbert ataondoka, na wengine watamfuata. Unakumbuka ile miaka timu ilipokufa, vijana wakawa wanashinda kwenye vilabu vya pombe tangu asubuhi. Acha kwanza.

Kaka yako,
Ildefonce


Nyamahanga
20 Machi 1977

Kaka,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Barua yako nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo.

Unaniuliza kama nakumbuka. Ndiyo shida yangu, nakumbuka. Nakumbuka timu ilipokuwa ya Mtakatifu Yosefu, na Padri aliyewapa mpira wa ngozi uliotoka kwao ng'ambo. Asiyefika misa hachezi. Mlivumilia. Mkaja kucheza Ijumaa Kuu, mkidhani yuko safarini, naye akatokea, akauchoma ule mpira kisu mbele yenu, tena kwa uso wa huzuni kama mtu anayechinja mbuzi wake mwenyewe. Nilikuwa mdogo. Niliogopa ule mlio wa upepo unaotoka kuliko kisu.

Mkasema, heri mtu wa dunia. Mkamkimbilia Celestini, mnunuzi wa kahawa. Akawapa jezi za kijani zenye jina lake mgongoni, na lori la kuwapeleka Ngara mjini. Timu ikaitwa Nyota ya Celestini. Mlipofungwa na Rulenge aliwavua jezi palepale uwanjani, akazihesabu, akapanda lori, akaondoka. Mkarudi kwa miguu, vifua wazi, kwenye mvua. Mama alikupokea njiani akakufunika kanga yake, na wewe ukalia, kaka, mbele ya watu, na ulikuwa mtu mzima.

Ndipo mkaapa kwamba timu haitakuwa tena ya mtu mmoja. Ilipokuja Operesheni ya vijiji na sote tukahamishiwa barabarani, mliichukua timu yenu wenyewe mkamkabidhi Matiasi, mkasema sasa ni ya wote, mkaipa jina la Ujamaa. Mlifurahi sana siku hiyo. Hata mimi nilipiga vigelegele.

Sasa angalia. Kila mara mlimkimbia mwenye timu, mkaangukia kwa mwingine mwenye mkono mrefu zaidi. Padri alikuwa na mpira tu. Celestini alikuwa na jezi. Matiasi ana barua ya ruhusa.

Nami si kwamba niko huru. Afisa elimu akinipanga hapa nakaa hapa. Jioni nikisahihisha madaftari najiona nimo katika nyumba ambayo kila mlango umesimamiwa na mtu nimpendaye, na siwezi kumsukuma. Wewe umesimama kwenye mmojawapo. Niliitwa kwenda kusomea zaidi Mwanza, nikakataa, kwa sababu nakusubiri.

Mwombe tena.

Dada yako,
Deodata


Mugoma
11 Juni 1978

Mdogo wangu mpendwa,

Habari za siku nyingi? Nisamehe kwa ukimya. Barua zako za mwaka jana zote nilizipata, na kila nilipokaa kujibu niliona sina jipya la kukuambia. Sasa ninalo.

Wilaya iliagiza kila kijiji kiwe na shamba la mihogo kando ya barabara, viongozi wakipita walione. Sehemu tambarare kwetu ni moja tu, uwanja. Wakaanza kulima upande wa goli langu. Nilisimama pale nikiona majembe yanaingia kwenye eneo la penalti kana kwamba wananichimba mimi.

Gozbert ndiye aliyepata akili. Alisema mgambo lazima wawe na kiwanja cha gwaride, na kiwanja cha gwaride hakilimwi. Basi timu nzima tulikwenda ofisini siku moja tukajiandikisha mgambo. Mwenyekiti alifurahi, alikuwa anadaiwa mgambo na wilaya. Uwanja umerudi! Asubuhi tunacheza gwaride na fimbo mabegani, jioni tunacheza mpira, na siku za shamba la kijiji tunasamehewa. Gozbert anatembea kwa gwaride hata akienda msalani.

Sasa hakuna wa kutuondoa. Na jingine: mwenyekiti ameahidi mbele ya timu kwamba kombe la wilaya likiisha mwezi wa kumi na moja, tushinde tusishinde, ataniandikia barua. Mwambie fundi nakuja.

Kaka yako,
Ildefonce


Nyamahanga
2 Julai 1978

Kaka yangu,

Shikamoo. Namshukuru Mungu kwa afya yako. Fundi amekubali kukungojea hadi Desemba. Nimenunua kitanda cha kamba na nimeziba paa, maana Jumapili utakuwa unakuja kula kwangu.

Lakini mgambo? Mliandikisha majina yenu kweli, kila mmoja? Nimemwuliza Restituta, akasema, "We Deodata, unafikiri mpaka chakula kinapoa. Mgambo ni kupanga foleni ya sukari tu." Labda ni kweli. Lakini mwenye timu safari hii simwoni uso wake, na ndilo linalonitisha.

Maliza kombe lako uje.

Dada yako,
Deodata


Nyamahanga
19 Novemba 1978

Kaka,

Shikamoo, popote ulipo.

Tulisikia redioni kwamba nchi imevamiwa kutoka Uganda, huko mto Kagera. Nilijiambia ni mbali na Mugoma. Juzi Restituta akaingia darasani kwangu bila kubisha. "Malori ya mgambo wa Ngara yamesimama mjini!" Niliacha chaki mezani. Nilipata mtu wa baiskeli akanibeba, na kila kilima nilishuka nikakimbia kando yake.

Nilikuta vumbi. Wauza ndizi waliniambia vijana walikuwa wengi, walikuwa wanaimba. Mmoja akasema, "Kulikuwa na mrefu mmoja nyuma ya lori. Tulimrushia ndizi, akazidaka zote kwa mkono mmoja. Hakuangusha hata moja. Wenzake walimshangilia."

Je, ni wewe? Andika neno moja tu.

Deodata, dada yako


Kambini
20 Desemba 1978

Mdogo wangu,

Ni mimi. Niko mzima, nakula.

Zilikuwa zimebaki siku tatu kabla ya fainali. Mwenyekiti akapiga filimbi ya gwaride, tukadhani ni mazoezi, wengine tulikuja na viatu vya mpira. Akasoma majina. Hakuruka jina la mtu. Ofisa aliyekuja na lori alisema hajapata kijiji kingine kilichompa vijana waliokwisha kuzoeana namna hii.

Sote tumewekwa pamoja. Gozbert analalamika tu kwamba kofia imembana. Mwambie fundi anisamehe.

Kaka yako


Masaka, Uganda
8 Julai 1979

Mdogo wangu Deodata,

Hujambo? Barua zako zimenifikia zote kwa mara moja, zimefungwa kamba. Nilizisoma kuanzia ya mwisho.

Gozbert hayupo. Laurian hayupo. Na wengine wa timu, ambao majina yao utayasikia Mugoma. Sitaandika ilivyokuwa. Nilikuwa nao, mimi peke yangu, ndivyo tu. Waliobaki wamepelekwa vikosi vingine.

Kikosi hiki kina timu. Mkuu aliniona nikidaka kopo la chai alilorusha mtu, akanipa glovu siku ile ile. Ni glovu nzuri, sijawahi kuvaa nyingine.

Wiki iliyopita alitupanga mstari akasema mgambo anayetaka kurudi kwao anaruhusiwa, anayetaka kubaki jeshini abaki. Akauliza nani anarudi. Nilinyoosha mkono. Akaniangalia. "Golikipa, kwenu kuna wanaokusubiri?"

Nikawaona akina mama wa wenzangu wamekaa milangoni, na mimi napita njiani peke yangu. Nikashusha mkono.

Usinisubiri.

Kaka yako,
Ildefonce


Nyamahanga
19 Agosti 1979

Kaka yangu,

Shikamoo. Nafurahi kwamba uko hai. Nimeanza na hilo kwa sababu yanayofuata si ya kukufurahisha.

Shule zilipofungwa nilikwenda Mugoma. Nilidhani nakwenda kutoa pole. Kaka, matanga hayajaondolewa. Nyumba zote zile bado zimekaa matanga. Umesahau desturi yetu? Mtu akifia mbali na asizikwe na watu wake, lazima aje aliyemwona aseme mbele ya watu, "Nilimwona, amelala." Kabla ya hapo, watu wa nyumba ile hawashiki jembe. Matiasi alipita na karatasi za serikali, akawasomea moja moja. Mama Gozbert alimwambia, "Karatasi haikumwona mwanangu."

Nilikaa naye jikoni tukimenya ndizi. Akaniuliza, "Kaka yako yu wapi?"

"Yuko Uganda, mama. Anacheza mpira wa jeshi."

"Atakuja lini?"

"Anaogopa."

"Anaogopa nini? Mimi nala watu?"

"Anaogopa kwa kuwa yeye ni mzima."

Akamenya ndizi mbili, tatu. Halafu akasema, "Mwambie ndiyo maana tunamtaka. Waliokufa hawawezi kuja kusema."

Nafasi ya gereji imepewa mtu mwingine. Sikuombi tena uje kwangu, wala sitakwambia uache jeshi lako. Nakuomba siku moja tu. Upite nyumba kwa nyumba, useme maneno yale, halafu urudi kwenye glovu zako. Safari hii hakuna mwenyekiti aliyekunyima barua. Mvua zinakaribia, na watu hawa hawajaandaa mashamba.

Dada yako,
Deodata


Nyamahanga
14 Oktoba 1979

Kaka,

Shikamoo. Mimi ni mzima.

Mvua imeanza Mugoma. Aliyetoka huko jana anasema majirani wamekwisha kupanda maharage, na yameshatoa majani mawili mawili. Nyumba za matanga unazijua ukiwa barabarani, magugu yamefika madirishani.

Mama Gozbert amemtuma aniulize kama umejibu. Nimemwambia barua kutoka Uganda huchelewa.

Dada yako,
Deodata