Koti la Kotipana

Ni mwaka mmoja sasa tangu koti lako litundikwe kwenye msumari nyuma ya mlango, nawe ukalazwa mahali pasipohitaji koti. Leo mchana mkeo amelitungua. Amelilaza juu ya meza ya cherehani, limegeuzwa ndani nje, na kwa wembe anafumua mshono wa ubavuni polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.

Tunakukumbuka ukiwa kinyozi, kabla watu hawajakubandika jina la Kotipana. Uliwaimbia waliokaa kwenye benchi wakingoja zamu, na aliyekuwa kitini ulimkataza kucheka mpaka wembe utoke kisogoni. Masikio yaliyochubuka ya walioshindwa kujizuia yalikutangaza mtaa mzima. Kisha ule wimbo wa ngazi ya jirani ukavuka mlango wa kinyozi: ngazi iliyoazimwa nyumba hadi nyumba mpaka ikajua siri za wote, na mwenyewe alipoihitaji akaambiwa, pole, ngazi imetoka, jaribu kesho. Watu waliuimba sokoni na kwenye foleni. Hata mwenye ngazi aliuimba.

Hukumcheka mtu asiyekuwepo. Katika kila wimbo mjinga ulijifanya wewe, hata yule wa ngazi. Ndiyo maana mkeo, fundi cherehani, alikushonea koti lililokuzidi mabega na mikono, ili ukipanda jukwaani watu wacheke kabla hujagusa gitaa. Nyumbani ulikuwa mtu wa maneno machache. Ulimchemshia mkeo chai kabla hajaamka, ukaifunika kwa kisahani isipoe.

Halafu ukaanza kukonda. Koti likazidi kuwa pana, na watu wakazidi kucheka. Jioni moja ulivua shati mbele ya mkeo, ukamwambia, "Mama watoto, nipunguzie koti. Nataka kichekesho kibaki kilekile."

Alikupima bila kuuliza, maana maneno ya daktari mliyasikia pamoja. Akalipunguza. Baadaye ulirudi, akalipunguza tena, na tena. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwako kilichelewa kuumbua, kwa sababu ya mkono wa fundi. Mpiga ngoma wako, aliyekaa nyuma yako jukwaani miaka yote, alikuwa akijigamba kwamba Kotipana haongezeki wala hapungui, kama kilima. Alijua siku alipokukuta kitandani bila koti. Mpaka leo anatuuliza kwa nini hakuambiwa.

Onyesho la mwisho uliomba kiti. Watu walidhani kiti nacho ni mzaha, wakaangua kicheko. Mkeo alikuwa nyuma ya pazia, pini zingali mdomoni, akataka kutoka awanyamazishe. Ulimtikisia kichwa. Wimbo wa ngazi ulikushinda katikati, watu wakakumalizia kwa furaha, wasijue. Njiani kurudi ulimwambia, "Waache. Walikuja kucheka."

Jumamosi hii binti yako, kitinda mimba wako, ataimba nyimbo zako mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Aliliomba koti, na akaomba lirudishwe upana wake wa zamani. Mama yake alikataa.

"Hiki ndicho kipimo chake cha mwisho," alisema. "Nikilifumua, sina kingine."

Binti akasema taratibu, "Mama, koti hili lilivyo sasa ni la mgonjwa. Baba alihangaika watu wasilione hivyo. Ndilo nikalivae mbele yao?"

Siku mbili nzima mkeo alilipita koti pale mlangoni bila kulitazama. Leo amelitungua.

Kwa ndani mishono imelala sambamba kama matuta ya shamba. Ameanza na ule wa mwisho, aliokushonea ukiwa umekaa kitandani. Kila anapofika kwenye mwingine huuwekea kiganja kwanza, halafu ndipo wembe hupita. Nyuzi hazitupi. Anaziweka kwenye kisahani chako cha chai.

Jioni ubavu wa kulia ulikuwa umeachia wote. Binti akalijaribu hivyohivyo mbele ya kioo: upande mmoja umening'inia, mwingine umembana kwa kipimo chako cha mwisho. Kicheko kikamponyoka mkeo, kifupi, cha kwanza tangu utuache. Papo hapo akaketi, akafunika uso kwa mikono.

"Huu wa kushoto niachieni kwanza," alisema.

Tumelirudisha koti kwenye msumari, wembe tumeuweka juu ya cherehani.

Tunaokukumbuka ni mkeo, binti yako na kaka zake wawili, dada yako mkubwa, anayekuita bado kwa jina la utotoni, wajukuu wako, na mpiga ngoma wako, ambaye kwetu ni ndugu. Maadamu tupo, hatutaacha kukukumbuka. Ubavu wa kushoto, kesho.