Ndoo Kumi na Mbili za Roshani

4 Februari

Mdogo wangu Msasa,

Salamu kutoka ghorofa ya tatu. Mimi sijambo, ni goti tu linalonigomea nikifika ngazi ya arobaini. Wewe je? Kifua kinasemaje na hiyo harufu ya rangi? Maziwa unakunywa kama ulivyoambiwa, au unawadanganya madaktari kama unavyonidanganya mimi?

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huna muda. "Dada, niko juu ya ngazi." Kila siku uko juu ya ngazi, bado tu hujafika mbinguni? Huyu dereva wa lori la saruji anapita hapa chini kwetu halafu anashusha mzigo kwenye jengo lenu, mara mbili kwa wiki. Kasema barua haina uzito, atabeba.

Msasa, ungeziona ndoo zako! Zile kumi na mbili za siagi ulizoniletea zote zinaning'inia. Nimezishonea mifuko ya turubai, kila moja na mfuko wake, nikazipanga mistari minne, tatu tatu, moja chini ya nyingine. Namwagilia ile ya juu tu. Nimetoboa tundu ubavuni, vidole vitatu kutoka chini, nikapitisha utepe wa kitambaa, basi maji yanateremka na utepe mpaka ndoo ya pili, ya pili mpaka ya tatu. Jagi moja linanywesha mstari mzima. Mchicha, nyanya, vitunguu vya majani, pilipili. Cherehani iko pale pale mlangoni, nikichoka kushona nainua macho naona kijani.

Sasa habari yenyewe. Mpwa wako amerudi kwangu, mumewe kapata kazi ya mbali, na tumbo limefika miezi mitano. Alikuja kapauka kama karatasi. Kliniki wakasema damu iko chini. Nikamkalia kooni na mchicha, asubuhi na jioni, mwezi mzima. Juzi wamempima, damu imepanda! Nesi akamuuliza, "Unakula nini wewe?" Akajibu, "Mchicha wa ndoo za mjomba." Nesi kacheka mpaka kalamu imemwanguka.

Majirani nao nawagawia. Kila mtu anajua ndoo zile kaleta mdogo wangu.

Wako anayejivunia,
Dada

11 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Ile ya asubuhi kwenye simu haikuwa shikamoo, nilikuwa nabwabwaja. Mwili wangu mzima. Mengine utayasoma hapa, na naomba uwe umekaa kwenye kiti.

Nilipokwambia msile tena kitu chochote kutoka kwenye ndoo, ukauliza kwa nini, nikasema chaji inaisha. Chaji ilikuwa imejaa, Dada. Kilichoisha ni mdomo.

Zile ndoo siyo za siagi. Hazijawahi kuiona siagi. Hakuna kiwanda cha mikate, hakuna rafiki yangu mwoka mikate, yule mtu nilimtunga nikiwa nimesimama mlangoni kwako.

Uliniomba ndoo mwaka mzima. Kila ukiniuliza nasema zipo, nitaleta. Siku ile nakuja kwako nilikuwa nimeshavaa viatu ndipo nikakumbuka, nikaona aibu kufika tena mikono mitupu. Nikapitia jengoni. Nyuma ya stoo kulikuwa na ndoo tupu zimerundikwa zinasubiri kurudishwa. Nyingi zilikuwa za rangi ya maji. Nyingine zilikuwa za dawa ya mchwa, ile tunayopaka kwenye mbao za paa. Ndoo ni zile zile, nyeupe, lita ishirini, kinachozitofautisha ni lebo tu. Nikachukua kumi na mbili za juu. Nikazibandua lebo zote kwa kisu na maji ya moto usije ukajua nimeziokota jengoni, nikazisugua kwa sabuni mpaka zikang'aa. Kwa hiyo sasa hata mimi sijui ipi ni ipi.

Ningeweza kusema nilikuwa na haraka sikusoma. Nilisoma. Hapo ndipo penyewe, Dada. Niliona fuvu la kichwa kwenye lebo kadhaa, tatu au nne, na chini yake maneno kwamba chombo hiki kisitumike tena kwa chakula wala maji. Nikajiambia, sabuni itatoa. Nilikuwa nimebandua nusu, na nilishachelewa.

Ulipozipokea ulinishika mikono yote miwili. Ulisema, "Leo umenikumbuka." Ningesema nini pale?

Mwezi wa kumi na mbili nilipokuja nilisimama kwenye roshani yako nusu saa. Unakumbuka uliniuliza nimepotelewa na nini? Nimepaka rangi nyumba za watu miaka ishirini na mbili. Kuta zenye rangi za bei ya ng'ombe. Sijaona ukuta uliopendeza kama ule, na kila kilichopo pale kilipita kwenye mkono wako, mpaka zile tepe. Nilikuwa naangalia ule utepe unavyodondosha maji kutoka ndoo hadi ndoo, nikawa najua la kusema, nikasema, "Nyanya zimekaza kweli kweli." Ndiyo hayo niliyosema.

Ile barua yako ya mchicha na nesi ndiyo imenivunja. Mpeleke kliniki, Dada. Waambie ni dawa ya mchwa ya mbao. Jina lake nimeliandika nyuma ya karatasi hii kwa herufi kubwa.

Mdogo wako mkosaji,
Msasa

13 Februari

Msasa,

Tumetoka kliniki sasa hivi. Nitajuaje ndoo zipi? Kama ya juu ina dawa, mstari wote una dawa. Jibu na lori hili hili.

Dada

13 Februari

Dada,

Dereva amezima injini ananisubiri, naandikia juu ya goti.

Nimekwenda kwa mtunza stoo. Nimemwambia yote. Akasema, "Wewe mzee mzima?" Nimesema ndiyo, mimi mzee mzima. Akaniletea ndoo mbili, akazipindua. Ya dawa ina alama kwenye kitako, pembetatu yenye fuvu ndani, imechorwa kwenye plastiki yenyewe, haibanduki. Ya rangi haina kitu. Wewe hukuiona kwa kuwa ulitoboa ubavuni, na kitako ukakivisha turubai.

Itabidi ufumue mifuko na kuzimwaga zote. Najua ninachokwambia. Najua kila mshono ulichukua muda gani. Vaa glavu. Usimwage udongo kwenye bomba la maji wala kwenye maua ya chini.

Ningekuja mwenyewe leo, sema neno moja tu.

Msasa

12 Machi

Dada,

Shikamoo, popote itakapokukuta. Natumaini mnaamka wote wawili. Au niseme wote watatu.

Lori limepita mara nane. Mara ya kwanza nilimfuata dereva getini. Mara ya tano yeye ndiye aliyenikwepa, akajifanya anakagua tairi. Jana kaniambia, "Fundi, kama ningekuwa na barua si ningekupa? Unafikiri nazila?" Nimemuuliza kama anakuona. Anasema anaiona roshani kutoka barabarani. Nikamuuliza ikoje. Akasema, "Imekuwa ukuta tu."

Simu hupokei. Sikulaumu. Nakuandikia tu ujue kwamba sijaacha kusubiri, na kwamba nimewaambia mafundi wenzangu wote hapa kuhusu hizo ndoo. Kuna mmoja alikuwa anachotea maji ya kunywa kwenye moja. Tumeichana kwa msumeno.

Kama mpwa wangu yuko salama, hata usiandike neno, mpe dereva jani lolote. Nitaelewa.

Msasa

2 Aprili

Msasa,

Tuko wazima. Naanza na hilo kwa sababu najua macho yako yatalitafuta kabla ya kila kitu, na barua ya namna hii haiwezi kuanza na goti langu.

Siku ile nilitandaza shuka kubwa sakafuni nikaanza kufumua kwa wembe. Mpwa wako alitaka kunisaidia, nikamfungia chumbani akae na redio. Ndoo ya kwanza, hakuna alama. Ya pili, hakuna. Nyanya zilikuwa zinaiva, Msasa, nilikuwa napindua ndoo na matunda yake. Nikapata tatu. Mbili zilikuwa za chini kabisa, kwenye mstari wa pilipili na mstari wa vitunguu. Ya tatu ilikuwa ya juu, mstari wa pili, ule ulio karibu na jiko. Mchicha wote wa mpwa wako nilikuwa naukata pale, kwa kuwa ni karibu na sufuria.

Nilikaa kwenye ule udongo.

Za rangi nazo nimezitoa, sikutaka kuziona. Bwana afya alikuja na magunia, akafunga udongo wote, akauchukua. Kliniki walimpima damu na mkojo, wakamsikiliza mtoto. Daktari mwenyewe, mwanamke mdogo hivi, hana maneno mengi, alisema hawezi kuniapia ila haoni kitu kibaya, arudi kila baada ya wiki mbili. Amerudi mara tatu. Moyo wa mtoto unapiga kama cherehani yangu nikiwa na nguo ya bibi harusi. Juzi ndiyo ilikuwa mara ya tatu.

Umeuliza mbona kimya. Nilikuwa nasubiri hiyo juzi. Kama ingekuwa mbaya, nisingekuandikia tena maisha yangu yote, na nilitaka nijue kwanza kama bado nina mdogo wangu.

Sasa sikiliza nilivyofanya. Nilikuwa nimegawia mboga milango tisa. Nikaigonga yote tisa, kwa goti hili. Kila mlango nikasema, mboga nilizowapa zilikuwa na dawa, nendeni mkapimwe, kosa ni langu, ndoo nilizipokea bila kuuliza. Yule dereva mstaafu wa chini akaniambia, "Mama, mimi mke wangu amenipikia miaka arobaini na niko hai, itakuwa mchicha?" Mkewe akamrushia kandambili kutoka ndani. Lakini wa ghorofa ya pili, mwenye mapacha, alifunga mlango sijamaliza kusema. Mpaka leo tukipishana kwenye ngazi anaangalia ukuta. Ana haki. Wanawe wamepimwa, hawana kitu, na bado ana haki.

Katikati ya Machi wakaanza kuja mmoja mmoja. Huyu kaleta sufuria lililotoboka, huyu beseni, huyu birika la udongo lisilo na mfuniko, fundi viatu kaleta kikapu cha waya akasema alikuwa anakiwekea soli. Kila mmoja ananieleza chombo kilikuwa na nini tangu kilipozaliwa, utadhani wananiposea binti. Nimevining'iniza. Vimekaa ovyo, hakuna viwili vinavyofanana, na mchicha umeshatoa majani mawili mawili.

Nimesema milango tisa. Kuna wa kumi, uko humu humu ndani.

Mpwa wako anajua ndoo zilikuwa na dawa. Hajui nani alibandua lebo. Yeye kajiambia ni yule mwoka mikate aliyekuuzia. Anasema huyo mtu akimpata atamkalisha chini amuulize kama ana mama. Halafu jana, anakunja nguo za mtoto, akasema, "Maskini mjomba, alitaka tu kutusaidia, na yeye kadanganywa." Anakuhurumia, Msasa. Nikaenda kufungua bomba bila sababu.

Mimi sijamdanganya, ila nimenyamaza, na kunyamaza kumenichosha. Mlango huo siugongi mimi.

Dada yako

5 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua hii nitakupa mwenyewe mkononi, maana leo dereva ananibeba mimi pamoja nayo. Nimekaa kati yake na mifuko mitupu ya saruji anayorudi nayo, na mwandiko ukiyumba ni barabara. Naandika kwa sababu nikikuona najua nitaanza kusifia nyanya.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Pale pa daktari nilisimama nikatembea mpaka mwisho wa jengo na kurudi, wenzangu wakadhani nimeshinda bahati nasibu. Lakini pale ninaporudi kila mara ni pale unapopanda ngazi. Milango tisa, na kosa si lako. Mimi nilishindwa mlango mmoja, tena ulikuwa umeshafunguliwa na mtu ananishika mikono.

Watu hunisifia kazi yangu kwamba ukuta nikiupaka hauonyeshi ufa. Ndiyo kazi niliyojifunza, kuziba nyufa zisionekane. Wewe ulipoona ufa ulibomoa roshani nzima, ukawaita watu waje kutazama. Nakuheshimu, Dada. Sijui kama nimewahi kukwambia hivyo tangu utoto.

Nimemuuliza dereva, yeye ana mabinti watatu, mtu anaanzaje maneno kama haya. Akasema, "Usianze na habari za afya. Ukianza na afya utaishia kwenye afya." Basi nitaanza hivi: mwoka mikate hayupo, ni mimi. Halafu nitanyamaza anijibu anavyotaka, hata kama ni lile swali la mama. Akinifukuza nitashuka ngazi, na nitarudi Jumamosi nyingine, na nyingine. Akilia, usije kunisaidia.

Tumeshaingia mtaani kwenu. Naiona roshani. Kuna mtu kasimama pale katikati ya vyombo, ana tumbo, ananipungia mkono wote.

Dada, ukisikia nabisha hodi, kaa kwenye cherehani yako. Mwache yeye afungue.

Mdogo wako,
Msasa