Mawe ya Juu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeitwa mwongo mbele za watu! Si mimi, eti, ni mashine yangu — lakini mashine haina uso wa kuona haya, ninao mimi. Meneja kasimama katikati ya chumba cha mitambo, anasema mashine ya Mama Taa inayasifia mawe kama mshenga. Wote wakaangua kicheko. Mama Taa ndiye mimi, kwa ajili ya ule mwanga unaomulika mawe yakipita kwenye mkanda unaoyapeleka mtamboni. Inamulika, na papo hapo inaandika yana shaba kiasi gani.

Tangu wiki iliyopita inaandika shaba tele. Mwisho wa mtambo inatoka kiduchu. Sasa nani kakosea? Mwenye mashine! Nisipopata jawabu wiki hii, mashine inashushwa, na mimi nikatafute kazi kwingine.

Jumanne, 4 Machi

Nimeijaribu kwa vipande ambavyo shaba yake tunaijua. Sahihi. Vyote — sahihi! Nikampelekea meneja habari. Hakuinua hata macho. Eti nirudie. Rudia wewe!

Jumatano, 5 Machi

Jioni dada kaja na mumewe. Shemeji ndiye msimamizi wa mapipa makubwa yanayomwaga mawe kwenye mkanda. Kazini anajifanya hanijui, nyumbani kwangu hanyamazi. Kaleta nyanya. Za juu nyekundu, zinang'aa. Za chini zimeoza, maji yanachuruzika mezani. Dada kamsuta: baba watoto, umeuziwa uchafu. Yeye kacheka mpaka akakohoa. Anasema kosa si la muuzaji, mnunuzi ndiye anayetazama juu tu.

Nami nikacheka! Walipoondoka nikawa naosha vyombo, mara sahani ikanitoka mkononi. Mashine yangu nayo inatazama juu tu.

Alhamisi, 6 Machi

Ni yeye.

Nimepanda mwenyewe mpaka kwenye mapipa. Mawe yanatakiwa yachanganywe kabla ya kujazwa. Hayachanganywi! Pipa la kwanza ni mawe hafifu matupu, yanatandikwa chini kwenye mkanda. Pipa la mwisho ni mazuri, yananyunyizwa juu.

Nikamvuta shemeji pembeni. Wala hakukana. Anasema, shem, kabla ya hiyo taa yako tulikuwa tunafanya kazi kwa amani. Sasa likipita jiwe baya, simu inalia kwangu hata mate sijameza. Nikamuuliza, na mimi nikifukuzwa je? Wewe umesoma, utapata pengine. Utapata pengine! Mtu ambaye wanawe wanashinda kwangu, wanakula kwangu! Kikulacho ki nguoni mwako.

Anataka niseme mashine imeharibika. Dada yako mjamzito, anasema. Kana kwamba mimi sijui!

Ijumaa, 7 Machi

Nimeomba mkanda usimamishwe. Meneja kafoka, kisha kausimamisha. Nikashika koleo nikachimba mbele yake, toka juu mpaka chini. Mawe ya chini yana rangi nyingine kabisa, hata mtoto angeona. Meneja kayatazama. Samahani hakusema, ng'o! Kauliza tu, nani anayapanga hivi?

Nikafungua mdomo — neno halikutoka. Shemeji alikuwa nyuma yangu. Meneja kasema tumfuate wote wawili.

Naandika haya kwenye benchi nje ya ofisi yake. Shemeji kakaa pembeni yangu. Kanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa, ileile chupa niliyompa dada siku ya harusi yao. Ananinong'oneza: sema ni mashine, shem. Mashine haina watoto.

Chai sikuipokea. Nina hasira mpaka mwandiko unapinda! Hasira kwa huyu, hasira kwa yule aliye ndani, hasira kwa mdomo wangu uliogoma pale kwenye mkanda.

Simu — dada. Naiacha iite. Shemeji analitazama jina la mkewe likiwaka.

Mlango umefunguliwa. Meneja anasema, mwenye mashine aanze.