Kuku Wanene na Msafiri wa Mwavuli

Chamwino

Mwanangu Zablon,

Hujambo, baba? Kifua kinaendeleaje na huo upepo wa bwawani Mtera? Huku tu wazima, ila magoti yangu yamegoma. Watoto wa dada yako wanakula tu. Mwandiko huu utaujua. Usishtuke, soma mpaka mwisho. Ningepiga simu, lakini mara ya mwisho ulinikatia. Barua nampa Devota anayekuja huko kununua samaki, tuone utaikataje.

Kwenye simu ile nilikuambia uje umchukue mkeo, na sababu nilikuwa nayo. Tangu umlete Mwanaidi kutoka kwao Kilwa, anakula kwangu kwa adabu mno, na mtu wa adabu mno mimi namwangalia mara mbili. Sahani inarudi nyeupe. Yeye anakonda, kuku wangu wananenepa. Halafu akishaosha vyombo anajifungia na kile kitabu chake cha katuni, anacheka mpaka anashika ukuta. Nikajua ninayechekwa ni mimi.

Alipokwenda kuchota maji nikakichukua. Kusoma sijui, lakini picha nani asiyeziona? Kuna msafiri mnene, ana mwavuli, anazunguka nchi za watu. Hapa ananawa miguu kwa maji ya kunywa ya wazee. Pale amenyoosha mkono asalimiwe, wamemkabidhi mbuzi amshike. Zablon, nilicheka mpaka kanga ikafunguka. Kugeuka, Mwanaidi kasimama mlangoni na ndoo kichwani.

Nikamwambia aketi anisomee. Anasoma vizuri, kila mtu na sauti yake, hata mbuzi. Ila kuna ukurasa aliupitisha haraka. Nikamshika mkono nikamuuliza anaficha nini. Akasema huo hauna maana. Nikamwambia basi asome huo huo usio na maana.

Ndani yake kuna bibi, kilemba kama changu, kampakulia msafiri mboga inayovutika, imetoka bakulini mpaka kwenye masharubu haikatiki. Msafiri anatabasamu, huku anaimwaga nyuma ya mgongo. Mwanaidi akaanza kulia. Akasema anayemcheka ni yule msafiri, maana ndiye yeye. Mlenda wangu, unaovutika vile vile, haumpiti kooni. Tangu aje anawapa kuku, akiogopa nitasema mwanangu kaoa mwenye maringo.

Na ningesema kweli. Nikamwita mjinga, kushinda na njaa kwa ajili ya adabu! Kesho yake akapika maharage ya nazi ya kwao. Nikatia tonge moja, nikanyanyua sahani yangu nikawapelekea kuku, yeye akiniangalia. Tulicheka mpaka majirani wakachungulia.

Sasa sikia. Barua hii anaiandika yeye, mimi natamka. Pale pa kuja kumchukua kalamu ilisimama, maana hilo alikuwa halijui. Nikamwambia aandike tu. Lakini aliyewahi kuruka ukurasa bado simwamini, kwa hiyo nimemwambia anisomee yote kuanzia juu. Amesoma. Pale pa kumchukua aliweka kidole chini ya mstari, akasoma. Hakuruka hata neno.

Basi usije kumchukua. Huyu sasa ni wangu. Wewe njoo kututazama, na uje na kitabu kingine cha yule mnene. Tumemwacha juu ya ngamia, hajui kushuka.

Mkeo anakusalimu sana. Hilo kaliongeza mwenyewe, nimemruhusu.

Mimi mama yako, nikupendaye hata ukinikatia simu,
Hana