Nakshi ya Mama Mkwe Kwenye Kawa la Zimwi

Mpendwa Shangazi Janepher,

Nisamehe, nilipaswa kukuandikia tangu Ramadhani, lakini mapacha waliota meno pamoja na mikono yangu haikupata nafasi. Naomba msaada.

Mimi ni Hasifa, Mnubi wa hapa Jinja, nimesoma hadi kidato cha nne, na ninaandika riwaya, usicheke, nimefika sura ya tisa, naandika mchana watoto wakilala. Yote yalianza na kitabu kikuukuu nilichokipata sokoni, cha daktari mmoja wa Ulaya wa zamani, anasema kila mtu ana kivuli moyoni, na kwamba ngano ni ndoto za watu wengi kwa pamoja, nami nikakumbuka ngano ya mama mkwe wangu, Bi Twaibah wa Nakaloke kule Mbale, ya mwanamke aliyeshuka mtoni kutafuta kivuli chake akakuta zimwi la kike limekivaa, nikasema hii ndiyo riwaya yangu.

Zimwi nikalifanya lisuke makawa ya kufunikia chakula, tena nikalipa nakshi ya pembetatu nyekundu zenye jicho jeusi katikati, kwa sababu inapendeza, na, ngoja niseme ukweli, kwa sababu wiki ile mama mkwe aliniambia mbele ya wageni kwamba wanangu wanavaa kama yatima. Sasa kwetu kila msukaji ana nakshi yake, ukiona kawa harusini unajua ni mkono wa nani. Jumapili nikawasomea wenzangu tunaosuka pamoja, kufika kwenye jicho jeusi Sharifah akaangusha sindano.

"Weh! Huyu si mama yake Hakim?"

"Zimwi limepata mkwe mwenye kalamu!" akadakia mwingine. Wakacheka mpaka machozi, na mimi nikacheka, Mungu anisamehe.

Mume wangu Hakim anasema nifute tu. Lakini mama mkwe amepiga simu kwa furaha: "Mwanangu, nasikia ngano yangu imekuwa kitabu! Nakuja Ijumaa, utanisomea." Yeye ndiye huja kukaa na mapacha niandike. Nampenda, na nyumba yetu ina raha. Sitaki kumpoteza, na riwaya siiachi.

Basi nitumie haya: maneno ya kumwambia kabla sijafungua daftari, jibu kama nichane sura nzima au nibadili nakshi tu, na kama unayo, nusu ya mwisho ya kitabu kile, maana changu kimekatika katikati.

Hasifa, Jinja

JIBU

Hasifa, pole kwa meno ya mapacha, na hongera kwa sura tisa. Sasa nikugombeze. Kitabu chako kimekatikia pabaya. Nusu ninayokutumia inasema kivuli ni chako mwenyewe, si cha mwanamke aliyekuudhi. Umechukua hasira yako ukamvisha mama wa mtu, yule yule anayekulelea watoto, halafu ukamcheka akiwa hayupo. Aibu, binti!

Sura usichane. Ijumaa, akishapumzika, mwambie: "Mama, nilikasirika, nikalipa zimwi nakshi yako, na wenzangu wamesikia. Nisamehe." Asikie kwako, asisikie kwa Sharifah. Hakim usimtume. Mama mkwe atanuna, mwache anune, mpelekee chai, usijitetee.

Kisha andika upya. Zimwi lipe nakshi yako wewe, ile unayosuka kwa mkono wako. Itakuuma, na sura itakuwa bora. Ikiwa tayari, wasomee wanawake wale wale, kwa sauti ile ile, Bi Twaibah akiwa amekaa mbele.